Kurudi Nepal na rafiki yuleyule: siku za Namche msiziguse

Mkuu, nimekuelewa hivi: wewe na rafiki yako mlishafika kambi ya chini ya Everest, mkarudi wazima, na sasa mnataka kwenda tena Nepal, safari hii kupitia bonde la Gokyo. Yeye anasema siku za kupumzika Namche, mji mdogo ambao njia zote mbili huupitia, zifutwe kwa sababu miili ilishazoea. Wewe unasita, na juu ya hapo unajiuliza kama ni busara kurudi mlimani na mtu yuleyule. Nimepita humohumo. Safari ya kwanza tulikwenda Everest kama nyinyi, ya pili tukauzunguka mlima Manaslu, hukohuko Nepal, na mwenzangu alikuwa yuleyule. Ninayoyajua nitayasema, na palipo na maoni yangu utapaona mwenyewe.

Nianze na mwili, maana huo hauna utani. Hakuna kilichozoea. Uwezo ambao mwili huupata ukiwa juu, wa kupumua kwa kasi zaidi na kuongeza chembe nyekundu za damu, huondoka wiki chache tu baada ya kushuka. Mkirudi baada ya mwaka mnaanza moja, sawa na mtu aliyetua Kathmandu jana kwa mara ya kwanza. Ukifika mita 5,500, kanieneo ya hewa ni kama nusu ya ile ya usawa wa bahari, na haijali umewahi kufika au hujawahi. Hata mazoezi hayakukingi na ugonjwa wa mwinuko, ule wa mwili kushindwa na hewa nyembamba. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kulala chini anatapika huku mwenye kitambi yuko pembeni anakunywa chai. Kitu pekee unachobaki nacho kutoka safari ya kwanza ni kujijua: kichwa chako huanza kuuma vipi, usingizi hukupotea kwenye mita ngapi. Aliyeumwa mara ya kwanza ana sababu zaidi ya kujihadhari. Ambaye hakuumwa hajapewa kinga yoyote, na huyo ndiye ninayemwogopa zaidi, maana ndiye anayekuja na hoja kama za mwenzako.

Na Gokyo ndipo mahali pabaya kabisa pa kuijaribia hoja hiyo. Ile njia ya kwenda Everest ni ndefu, inakuchelewesha yenyewe upende usipende. Bonde la Gokyo ni fupi na linapanda haraka. Namche iko mita 3,440. Dole tayari imevuka 4,000, Machhermo iko karibu na 4,500, na Gokyo yenyewe karibu na 4,800. Umbali kati ya kijiji na kijiji ni mdogo, kwa hiyo saa tano asubuhi mmefika, jua linawaka, miguu bado ina nguvu, na mmoja wenu atasema tusogee mbele kidogo. Hapo ndipo watu hubebwa na helikopta. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne uwe na usiku wa ziada palepale. Piga hesabu: Namche hadi Dole peke yake inaivunja kanuni hiyo. Ndiyo maana wanaokwenda kwa akili hulala Namche zaidi ya usiku mmoja, halafu hukatisha safari tena na kulala chini ya Dole, Phortse Tenga kwa mfano, ambako bado hamjafika mita 3,700. Kwa hiyo badala ya kupunguza siku, mimi ningeongeza.

Dawa ya asetazolamidi (wengi wanaijua kwa jina la Diamox) inasaidia kweli. Kipimo cha kuzuia kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, lakini ongea na daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidole vitawasha na usiku utaamka mara nyingi kwenda chooni. Inausaidia mwili kuzoea, haikupi ruhusa ya kukimbia.

Sasa la rafiki. Hapa nina maoni makali kidogo. Safari ya kwanza ni rahisi kwa urafiki kwa sababu nyote ni wageni, mnaogopa pamoja, mnamsikiliza mwongozaji kila neno. Ya pili kila mmoja anakuja na kumbukumbu yake, na kumbukumbu hizo hazifanani. Yeye anakumbuka mlifika bila shida, wewe unakumbuka usiku ule wa Lobuche, karibu na kambi ya Everest, alipokuwa hapumui vizuri na hakutaka iongelewe. (Sijui kama ilikuwa hivyo kwenu, lakini ulivyoandika inaelekea kuna kitu.) Mkiondoka bila kuyaweka mezani mtayabishania kwenye mita 4,500, mkiwa na njaa na usingizi wa saa tatu.

Sisi tulipatana kabla ya kununua tiketi. Kila mmoja ana haki ya kusema tusimame au tushuke, na mwingine hana haki ya kuuliza kwa nini mpaka tuwe tumeshashuka. Mwenye kichwa kinachouma hapandi kwenda kulala juu zaidi, hata kama ni kidogo. Na mwongozaji akisema hapana, ni hapana, hakuna kura. Ukiyasoma nyumbani yanaonekana ya kitoto. Yalitufaa Samagaun.

Samagaun ni kijiji cha mita 3,500 na kitu, chini kabisa ya Manaslu. Jioni tumekaa chumba cha kulia, jiko la chuma katikati, soksi za watu wa kila taifa zimening'inia juu yake zinafuka mvuke. Chakula ni wali na dengu, na kule desturi yake ni kwamba sahani ikipungua unaongezwa mpaka ukatae. Mwenzangu siku zote huongezwa mara mbili. Didi (yaani dada, kwa Kinepali) mwenye nyumba akaja na sufuria, jamaa akaifunika sahani kwa kiganja. Wali ulikuwa umeguswa pembeni tu. Nikamuuliza kichwa kikoje kwa kipimo chetu cha sifuri hadi kumi, akajibu "mbili", kwa sauti ya mtu anayetaka mazungumzo yaishe. Nikamwomba atembee juu ya ubao mmoja wa sakafu, kisigino mbele ya kidole, kutoka jikoni hadi mlangoni. Hicho ndicho kipimo cha haraka cha kujua kama ubongo umeanza kuvimba: anayeyumba kama mlevi anashushwa usiku uleule, hasubiri kukuche. Alitembea sawasawa, tena akanigeukia akanitolea ulimi. Lakini kichwa kilikuwa kinauma na chakula hakikushuka, na hizo mbili zilitosha. Nikasema kesho hatuendi. Hakuuliza kwa nini. Kundi tulilokuwa tukitembea nalo likaondoka asubuhi, na nakiri kuwatazama wakipotea njiani kulitukera wote wawili. Sisi tukapanda polepole hadi ziwa la Birendra, tukakaa, tukarudi kulala palepale. Keshokutwa yake alikula sahani tatu, na Larkya La, ile njia ya kuvukia mlima iliyo kwenye mita 5,106, aliivuka mbele yangu.

Kuhusu Manaslu yenyewe, kama bado hamjafunga uamuzi wa Gokyo, ifikirieni. Ni eneo lenye masharti. Tulipokwenda sisi kibali kilikuwa dola 100 za Marekani kwa wiki ya kwanza kati ya Septemba na Novemba, na 75 miezi mingine, kuna vibali vya hifadhi juu yake, mwongozaji ni lazima, na kibali hakikutolewa kwa mgeni mmoja, ilibidi muwe wawili. Nampenda sana swahiba wangu, ila kwa upande wa karatasi nilimhitaji tu awepo. Mnaanzia chini kabisa kwenye joto, mnaufuata mto Budhi Gandaki kwa siku nyingi kabla ya kuona theluji, na huko kupanda taratibu ndiko kunakowapa mwili nafasi. Watu ni wachache kuliko Khumbu, yaani upande wa Everest. Fedha taslimu bebeni za kutosha toka Kathmandu, msitegemee mashine za kutolea pesa huko bondeni, na mjue bei ya chai inapanda kadiri mnavyopanda nyinyi. Tulikuwa na mfuko mmoja wa rupia, kila mmoja anaweka sawa, ukipungua tunajaza. Mambo ya "nilikulipia juzi" yanachosha kuliko mlima.

Mwendo: wa polepole atangulie. Hili halina mjadala kwangu. Yule mwenye kasi akitangulia anapumzika huku anamsubiri mwenzake, mwenzake akifika tu wa kwanza anainuka, na yule wa pili hapumziki kamwe. Mkipenda kutembea mbalimbali, kutaneni kila daraja na kila nyumba ya chai. Na mkipishana na nyumbu au yak (ng'ombe wa manyoya marefu wa huko) wenye mizigo, simameni upande wa mlima, kamwe si upande wa korongo. Nyumbu hapimi upana wa mzigo wake, na hiyo ndiyo njia ya kipuuzi kabisa ya kufa Himalaya.

Hali ya hewa msiichukulie kama mliyoikuta mara ya kwanza. Oktoba inasifiwa kuwa mwezi mzuri kuliko yote, na ni kweli, lakini Oktoba hiyohiyo mwaka 2014 mabaki ya kimbunga Hudhud kutoka Ghuba ya Bengal yalishusha theluji kubwa upande wa Thorong La, njia nyingine ya kuvukia milima huko Nepal, na jirani zake, wakafa watu zaidi ya 40, wageni na wenyeji. Wekeni siku mbili tatu za akiba mwishoni. Zitawafaa pia kama mnaruka Lukla, uwanja mdogo ambako safari ya miguu ya Everest na Gokyo huanzia, ambako ndege zinaweza kukwama kwa mawingu, na msimu wa watu wengi ndege nyingi huondokea Ramechhap badala ya Kathmandu, yaani kuamka usiku wa manane na kukaa garini saa kadhaa kabla ya kupanda ndege.

Bima: someni mstari wa mwinuko. Nyingi hukomea mita 3,000 au 4,000, na nyingine hazilipii helikopta. Mnataka inayofika 6,000 na kutaja uokoaji wa helikopta kwa maandishi.

Kwa mwenzako ningeanza hivi: usimwambie amekosea. Mwombe apange ratiba yeye mwenyewe, kijiji kwa kijiji, na pembeni aandike mita za kulala kila usiku na tofauti yake na usiku uliotangulia. Wangu alipoifanya kazi hiyo kwa Manaslu aliongeza usiku mmoja Samdo, kijiji cha juu ya Samagaun, bila mimi kufungua mdomo. Akikataa hata kuandika, basi nendeni wote wawili Nepal, lakini mtafute njia ya chini zaidi mwaka huu. Niambie mnakwenda mwezi gani, maana kama ni Desemba kuna mengine ya kuongea kuhusu mabegi ya kulalia.