Maswali yenu: "Mama ana karatasi?"

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa ndugu zetu walioko Marekani, na zinauliza jambo moja: maelekezo ya matibabu, yaani maandishi ya mtu kusema atibiwe vipi, au nani amsemee, siku akiwa hawezi kusema mwenyewe.

Shikamoo dada. Tulimkimbiza mama idara ya dharura, kifua kimembana. Hata hatujakaa, karani anauliza kama ana maelekezo ya matibabu. Ndiyo wameshamkatia tamaa? (Binti, Columbus)

Marahaba. Wala. Sheria ya shirikisho ya 1990 inazibana hospitali zinazolipwa na Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali: kila mtu mzima anayelazwa aulizwe, na jibu liingie kwenye faili. Kijana wa miaka 20 aliyevunjika mguu akilazwa, naye anaulizwa. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Nancy Cruzan wa Missouri, aliyepoteza fahamu kwenye ajali ya gari mwaka 1983 asizinduke tena. Wazazi wake waliomba mrija wa chakula utolewe. Mahakama ikasema jimbo lina haki ya kudai ushahidi wa wazi wa alichotaka Nancy mwenyewe. Naye hakuwa ameandika kitu.

Jibu "hana", na mama atatibiwa vilevile. Ila nakuelewa: swali hilo likirushwa dirishani na mtu ambaye macho yake yako kwenye kompyuta, lazima litishe.

Baba aliandika kabisa kwamba moyo ukisimama asishtuliwe wala asikandwe kifua. Wahudumu wa ambulensi walimkanda kifua hivyo hivyo. Kwa nini?

Poleni sana. Maandishi ya baba yalikuwa matakwa yake. Hayakuwa amri ya daktari, na ambulensi hufuata amri ya daktari. Kwa mgonjwa mahututi au mzee aliyedhoofu, daktari hujaza fomu kama ile ya POLST, yaani amri ya daktari kuhusu matibabu ya mgonjwa huyo, iliyoanzia jimbo la Oregon, akaisaini. Fomu hiyo haifungiwi sandukuni na vyeti vya ndoa. Wengi huibandika kwenye mlango wa friji, wahudumu waione.

Nikijichora tatuu kifuani, si itatosha? (Usicheke.)

Nimecheka kidogo. Mwaka 2017 madaktari wa Miami walisimulia habari za mzee wa miaka 70 aliyeletwa hana fahamu, kifuani kachorwa "asifufuliwe", pamoja na sahihi. Wakaanza kumtibu huku wakiuliza wataalamu wa maadili, ambao walisema tatuu iheshimiwe. Baadaye ikapatikana fomu yake rasmi ya Florida, nayo inasema vilevile. Lakini miaka michache kabla yake madaktari wengine walimwandika mgonjwa mwenye tatuu ya namna hiyo ambaye alitaka kufufuliwa: alichorwa baada ya kushindwa dau la karata! Jaza fomu, ndugu yangu.

Kaka mkubwa yuko Mombasa, anasema yeye ndiye mwamuzi wa mambo ya baba. Sisi tunaishi na baba Dallas.

Sheria za huko hazimjui kifungua mimba. Bila maandishi, majimbo mengi huanza na mke au mume, kisha watoto wazima, wote sawa. Dawa ni baba, akili zikiwa timamu, amtaje mtu mmoja kwenye fomu ya kumteua msemaji. Kwa kawaida mashahidi wawili wanatosha, wakili si lazima. Akimtaka kaka, amwandike kaka. Mimi ningemshauri aliye karibu, maana saa kumi jioni Dallas ni usiku wa manane Mombasa, na daktari wa dharura hasubiri mtu aamke. Na kabla ya kuhangaikia mashine gani ikubaliwe na ipi ikataliwe, anzeni na jina hilo.

Mwanangu wa miaka 12 anajua Kiingereza. Atutafsirie?

Hapana, asibebeshwe mzigo huo. Ombeni mkalimani, ni bure, hata kwa simu. Na kama mama anatoka Uvira, semeni mnataka wa Kiswahili cha Kongo.