Tabora hadi Urambo kwa baiskeli: simameni pamoja

Wanaojiandaa kuvuka nchi kwa baiskeli, kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, huniuliza kwanza habari za mwendo: twende kilomita ngapi kwa saa? Mimi huwajibu habari za vituo. Kinacholichelewesha kundi mara nyingi ni huyu kusimama afunge kamba ya kiatu, mbele kidogo yule anataka kupiga picha, kisha wa tatu kaona muuza asali. Watu kumi wakisimama kila mmoja kwa wakati wake, dakika tano tano, karibu saa nzima imeliwa na hakuna aliyepumzika.

Chukueni siku ya Tabora kwenda Urambo, siku ninayoipenda kuliko zote katika njia hiyo. Ni kilomita 90 na ushei za lami. Ndono iko karibu katikati: 42 mpaka hapo, halafu 52 zinabaki. Hakuna mlima wa kutisha. Mko juu ya uwanda wa kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na miombo huku na huku. Ndiyo maana kundi hukatika hapa. Wenye nguvu wakiona njia imenyooka wanaondoka nayo, na kabla jua halijapata joto mmeshakuwa makundi matatu, pampu iko kundi la kwanza na pancha iko la mwisho.

Unyamwezi hii ilikuwa na mabingwa wa kusafiri pamoja. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walikwenda pwani na kurudi kwa miguu, mizigo mabegani, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akitangulia. Waliondoka alfajiri na kupiga kambi kabla jua halijawa kali. Kundi la baiskeli nalo linahitaji kirangozi, na asiwe yule mwenye mbio kuliko wote. Mimi humchagua mtu anayeweza kukanyaga huku anazungumza bila kuhema, kisha namwambia amsikilizie wa mwisho. Nyuma kabisa akae fundi mwenye subira, pampu na filimbi. Mlio mmoja mfupi: gari linakuja nyuma, kaeni mstari mmoja. Mlio mrefu: simameni.

Watu wa Dar, kumbukeni kwamba huku magharibi jua linachelewa kuchomoza. Miezi ya kiangazi, Juni na Julai, saa kumi na mbili kamili asubuhi Tabora bado kuna giza. Kunyweni uji kwenye giza hilo, fungeni mizigo, muanze kukanyaga saa kumi na mbili na nusu.

Baada ya hapo, kila saa moja kituo kimoja cha dakika kumi. Hapo kila mtu anakunywa maji hata kama hana kiu, anakula kidogo, anajisaidia, anabonyeza matairi. Katikati ya vituo hakuna kusimama ila kwa pancha au mgonjwa. Na pancha usiizibe barabarani: toa tyubu, weka nyingine, nendeni. Kiraka kitabandikwa Ndono wengine wakila. Tyubu na matairi ya akiba mje nayo. Mpira wa inchi 28 wa Phoenix mtaupata madukani njiani, lakini haukai kwenye rimu nyembamba za baiskeli za mashindano.

Chakula cha njiani, jamani, msibebe biskuti kutoka mjini. Mko Tabora! Nunueni matobolwa sokoni: ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Haviachi mafuta mikononi, haviharibiki, unatafuna taratibu na utamu unakuja wenyewe. Michembe nayo ni viazi hivyo hivyo vilivyokaushwa vibichi. Hiyo iacheni ya kupika jioni. Ongezeni karanga na asali ya miombo kwenye chupa ndogo. Maji yakitoka mwilini kwa jasho, chumvi nayo inatoka, basi chupa moja kati ya mbili itengenezwe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Ndono ndipo wenye nguvu wanapopata kazi yao. Wawili watangulie nusu saa, wamkute mama ntilie, wamwamkie vizuri (shikamoo kwanza, na ukijua kusema mwangaluka atafurahi zaidi), wamwambie tuko wangapi. Ugali wa watu kumi hauivi kwa dakika tano. Kundi likifika, chakula kiko tayari, na saa nzima ya kupumzika inakuwa ya kupumzika kweli, miguu juu, kofia usoni.

Mchana ndio unaonitia wasiwasi, na hili naliomba mlizingatie. Mnaelekea magharibi. Kuanzia alasiri jua linakuwa machoni pa dereva anayekuja nyuma yenu, na baiskeli iliyo mbele yake anaweza asiione kabisa. Kiakisi hakimsaidii, kwa kuwa mwanga uko upande wake usiofaa. Dawa ni kuwa Urambo kufikia saa tisa. Ikipita saa kumi bado mko njiani, tokeni nje ya lami kila filimbi inapolia.

Mkifika, futeni vumbi kwenye minyororo kabla ya kuoga, kwa sababu baada ya kuoga hakuna atakayeigusa. Halafu kirangozi ataje vituo vya kesho kwa majina, kila mtu asikie. Njia ikishavuka Kaliua kuelekea Malagarasi mnaingia kwenye mapori yenye mbung'o, na mbung'o hupenda nguo nyeusi na za buluu. Usiku huo huo toeni mashati meupe au ya kaki yenye mikono mirefu, jinzi zikae chini ya mzigo.