"Baba Kasafiri Tanga"

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwenye biashara ndogo anagawaje muda wake kati ya kazi na familia?" Swali limenikuta kwenye cherehani, nikacheka peke yangu. Mimi ni fundi nguo, Magomeni, mwaka wa 14 sasa, na 12 kati ya hiyo cherehani ilikuwa sebuleni kwangu.

Najua wengi watawaandikia habari za ratiba: fungua saa 2, funga saa 12. Kwa sisi mafundi saa si tatizo. Tatizo letu ni uongo. Nani hajawahi kuambiwa "njoo kesho" na fundi? Mteja analeta kitenge, anataka nguo Ijumaa. Unajua kabisa haitawezekana, lakini unaitikia, maana unakitaka kianzio chake cha 10,000, ukanunulie zipu na bitana ya mteja wa wiki iliyopita. Ijumaa ikifika huna nguo wala hela ya kumrudishia. Hapo ndipo kazi inapokufuata mpaka chumbani. Unazima simu, unakula mlango umefungwa, msikitini unapitia uchochoro wa nyuma. Siku nzima uko nyumbani, na watu wa nyumbani hawakupati.

Yangu yalinifika Aprili 2024. Mwaka ule Pasaka ilikuwa Machi 31 na Idi Aprili 10. Kwaresima harusi hupungua, Ramadhani vilevile. Sasa vipindi vyote viwili vikaisha karibu pamoja, na harusi za pande zote zikamwagika kwa mkupuo. Sare za kamati, magauni ya send-off, kanzu za mabwana harusi, nikapokea mpaka vitambaa vikarundikana juu ya kabati la vyombo. Usiku mmoja, kama saa 2, mtu akabisha hodi. Sijafungua kinywa, mwanangu wa mwisho, aliyekuwa darasa la pili, akakimbilia mlangoni: "Baba kasafiri Tanga." Mimi niko nyuma ya pazia, mguu kwenye pedeli. Hakuna aliyemtuma. Hata hiyo Tanga aliitoa kichwani mwake. Mama yake alinitazama tu, akarudi jikoni.

Kesho yake nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga tangu mwaka wa kwanza. Gauni lenye bitana, kuanzia kukata mpaka pasi, linanila saa 5. Suruali saa 3. Umeme ukikatika, ongeza. Nikikaa saa 9 kwa siku, siku 6, sitoki na zaidi ya nguo 13 za mchanganyiko. Na nilikuwa napokea 25! Hata ningeamka alfajiri mwaka mzima, zisingeisha.

Nikanunua kaunta buku. Kila wiki mistari 13, basi. Ikijaa, simpi mteja maneno, namgeuzia ukurasa ajionee. Mwenye haraka namwelekeza kwa fundi mwenzangu ng'ambo ya barabara. Kianzio cha mtu kinakaa kwenye bahasha pamoja na vipimo vyake, hakinunui uzi wa mtu mwingine. Hilo la bahasha kulitamka ni rahisi. Kabla sijalianza nilishona karibu mwezi mzima bila shilingi kuingia, namalizia nguo za watu ambao hela zao nilishakula zamani. Mwezi ule tulikula kwa vitumbua vya mama watoto, na hakuacha kunikumbusha.

Fremu nilikuja kupanga baadaye, kodi ya miezi 6 kwa mkupuo kama kawaida ya jiji hili. Kuitoa cherehani sebuleni kumenisaidia, sikatai. Watoto wamepata pa kufanyia kazi za shule, na mguu wa mtu hauchomwi tena na pini kwenye zulia. Ila ningehama na tabia yangu ile ile, wateja wangenifuata kwa simu mpaka kitandani.

Hasara ipo. Msimu wa Idi uliofuata niliingiza pungufu kwa karibu theluthi kuliko mwaka wa nyuma. Wateja wangu wawili wa siku nyingi wamehama, mmoja akinisema nimeanza maringo. Nawaombea wapate fundi.

Siku hizi nafunga saa 12 na nusu, wala si kwamba nimekuwa mtu wa nidhamu. Mistari ya siku inakuwa imekwisha. Jioni namkagulia mwanangu hesabu zake, naye ananiuliza vitu ambavyo kwa kweli vimenizidi. Na hodi ikipigwa usiku, naenda kufungua mwenyewe.

Jana usiku ilipigwa. Alikuwa mama mkwe, ametoka Korogwe, kitenge kipya kwapani, anataka gauni la kuvaa Jumamosi. Kaunta buku imejaa mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Nikampokea mzigo, nikamwambia, "Karibu mama, litakuwa tayari."

Msomaji wenu,
Magomeni, Dar es Salaam