Jibu: RTX 3060 kwenye pawa saplai ya wati 290
Kaka, umeuliza kama kompyuta yako ya Dell OptiPlex 9020, yenye pawa saplai yake ya zamani ya wati 290, itaibeba RTX 3060, yaani kadi ya michoro (graphics card). Haitaibeba. Kadi hiyo peke yake hula wati 170, na NVIDIA wenyewe, waliounda kadi hiyo, wanapendekeza pawa saplai ya wati 550. Tena inataka waya wa umeme wa pini 8. Nakuomba sana usiulazimishe kwa adapta ya SATA, ile inayochota umeme kwenye plagi ya hadi diski. Plagi ya SATA haikuundwa kubeba mzigo huo, inaweza kuyeyuka na kuwaka moto.

Mimi ningechukua kadi ndogo zaidi, GTX 1650 isiyo na tundu la umeme wa ziada. Inakula wati 75, zote kutoka kwenye madabodi. Ila ikague kabla ya kulipa, maana matoleo mengine ya 1650 yana tundu la pini 6.

Ukiamua kubadilisha pawa saplai, ujue madabodi ya 9020 inatumia plagi yake ya pini 8, si ile ya kawaida ya 24. Utahitaji adapta yake maalumu. Na dukani usiishie kusoma wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa: tafuta kwenye lebo ampea za volti 12, zidisha kwa 12 upate wati. Hizo ndizo kadi na prosesa zitakazogawana.