Kumbukumbu Ikijaa, Nani Anauawa?

Seva yetu ya Linux hapa Mbale, kila tukifika asubuhi tunakuta MySQL, hifadhidata yetu, imezimika, na logi yake haina kosa lolote. Nani anaizima?

Kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Linux hutoa kumbukumbu kwa mkopo: programu ikiomba GB 4 mara nyingi huitikiwa hata kama hazipo, kwa kuwa nyingi huomba kuliko zinavyotumia. Zikidai zote kwa pamoja, RAM na swapu (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) zikaisha, kerneli hutafuta wa kuua. Inachopima hasa ni nani ameshika kumbukumbu nyingi, si nani ameleta balaa. Hivyo hifadhidata, iliyonenepa kwa kazi halali, yaweza kufa kwa kosa la skripti ya bakapu ya saa nane usiku. Huuawa kwa ishara namba 9, isiyozuilika, hata nafasi ya kuandika logi haipati.

Endesha dmesg -T, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli, utafute "Out of memory". Juu ya mstari huo kwa kawaida ipo orodha ya programu zote zilizokuwa zikiendeshwa. Angalia: ukubwa wa RAM humo huhesabiwa kwa kurasa, yaani vipande vya kumbukumbu, na ukurasa mmoja kwa kawaida ni KB 4. Wengi husoma namba hizo kama KB, wakamwachia mhalifu.

Nikiipa MySQL oom_score_adj (alama ya kumkinga mtu asiuawe na kerneli) ya -1000, nimemaliza?

Umeinusuru hiyo tu. Atauawa jirani yake. Ukizikinga zote, kerneli itakosa wa kuua na mashine nzima itasimama. Mimi ningeanza kwa kupunguza innodb_buffer_pool_size, kumbukumbu ambayo MySQL hujitengea na ambayo watu huijaza kwa tamaa.

Tunachapa mabango Nasser Road, Kampala. Windows yetu haiui kitu, inaganda tu. Kwa nini?

Windows haikopeshi kupita uwezo. Kikomo chake ni RAM pamoja na faili la ukurasa lililoko kwenye diski. Kikifikiwa, ombi jipya hukataliwa, na programu isiyojua kukataliwa huanguka. Kuganda hutokea kabla ya hapo, kurasa zikipishana kati ya RAM na diski. Kama diski yenu ni ile ya kuzunguka, wekeni SSD, diski isiyozunguka. Faili la ukurasa msilizime, hata fundi akisema linapunguza kasi.

Simu yangu ya GB 2: nikifungua kamera, programu ya mobile money huanza upya. Ni virusi?

Hapana. Android huua programu za nyuma, zisizo kwenye skrini, mapema, kabla kumbukumbu haijaisha kabisa. Programu za "kusafisha RAM" zifute. Nazo zinakula RAM.