Shangazi Anajibu: Nyumba ya Lugha Tano

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na huu ni mwaka wa 9 naishi Antwerp, Ubelgiji. Mume wangu ni mtu wa Bukavu, Kongo. Tuna watoto watatu: kifungua mimba ana miaka 10, wa kati 7, kitinda mimba 4. Shuleni ni Kiholanzi kitupu. Baba yao anazungumza nao Kifaransa, mimi Kiswahili. Kiswahili cha mume wangu ni kile cha kwao, "batoto, mukuye tukule", kwa hiyo tulikubaliana yeye abaki na Kifaransa, watoto wasije wakachanganyikiwa.

Na mimi mwenyewe ni mpenzi wa lugha. Kiholanzi nimefika B1, yaani ngazi ya kati, nataka kuendelea kwa ajili ya kazi, maana natunza wazee. Jioni mbili kwa wiki najifunza Kifaransa ili niweze kuongea na wakwe. Jumamosi nina darasa la Kiarabu. Tena simu yangu ina programu ya Kijerumani, sijakosa siku 212 mfululizo. Mezani huwa najizoeza na watoto, leo Kifaransa, kesho Kiholanzi.

Matokeo yake nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiholanzi. Wa kati anasema "fiets yangu iko wapi". Mwezi uliopita alialikwa siku ya kuzaliwa ya mwenzake, mama mwenye shughuli akaniambia "half drie". Nikaelewa saa tisa na nusu, kumbe ni saa nane na nusu. Tulikuta keki imeshaliwa. Juzi mwalimu wa kitinda mimba kaniita, kasema mtoto hazungumzi sana darasani, nyumbani tuhamie Kiholanzi.

Niache lugha ipi, Shangazi?

*Mama wa Watatu, Antwerp*

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa keki. Mholanzi akisema "half drie" ana maana nusu ya safari ya kuifikia tatu. Mumeo angesema "deux heures et demie", akataja mbili. Wewe unasema saa nane na nusu. Dakika ni hiyo hiyo moja, majina yake yana tatu, mbili na nane. Mtoto wa miaka 7 anayeishi na saa tatu za namna hiyo hajachanganyikiwa hata kidogo. Aliyechanganyikiwa siku ile ni mama yake. Safari nyingine muulize yeye.

Na hiyo "fiets yangu iko wapi" mbona nzuri? "Yangu" iko mahali pake, "iko" iko mahali pake, mtoto kaitia fiets kwenye ngeli bila kumuuliza mtu. Sisi tunasema baiskeli, nayo haikuzaliwa Pangani.

Mwalimu ana nia njema lakini shauri lake silikubali. Lugha nyingi hazimcheleweshi mtoto kusema. Wanaochunguza lugha za watoto wameshalimaliza hilo zamani. Mwenye tatizo la kweli huonyesha katika lugha zake zote. Basi mtazame nyumbani: kwa Kiswahili anauliza maswali? Anakusimulia nani kamsukuma nani? Kama anasema, mwambie mwalimu hivyo, na umpe muda. Kama hata nyumbani ni kimya, mpelekeni kwa mtaalamu bila kungoja, mkamtajie lugha zote anazosikia, Kiswahili kikiwemo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa si Kijerumani wala Kiholanzi. Ni pale ulipopita mbio mbio: "tulikubaliana yeye abaki na Kifaransa". Mlikubaliana, au mwenzio alichoka kusahihishwa? Maana hiyo "batoto, mukuye tukule" umeiandika na kicheko chake, nimekisikia mpaka huku.

Nakuuliza kwa sababu kosa hilo nimelifanya mwenyewe. Mie mtu wa Unguja, na sisi tuna maradhi yetu. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, basi tukajiona tumekabidhiwa funguo za lugha nzima. Tunasahau kwamba hata kisiwani kwetu, bibi yangu wa Makunduchi alikuwa akija mjini na Kikae chake anachekwa.

Nilikaa Muscat miaka 9, mume wangu alikuwa na kazi huko. Jengo letu lilikuwa na Waomani waliorudi kutoka Zanzibar, na ghorofa ya pili familia iliyorudi kutoka Bujumbura. Mama wa nyumba ile alilelewa kwa Kiswahili na Kifaransa; Kiarabu alikikuta ukubwani. Siku moja, kwenye kahawa na halua, nilimsahihisha mara tatu. Hakununa. Ila tangu siku ile akija kwangu alizungumza Kiarabu, chake cha kubahatisha, changu kibovu zaidi, tukabaki kutazamana vikombe.

Watoto wake hawakuwa na habari. Wao na wangu walicheza ngazini kutwa nzima kwa Kiswahili kile kile nilichokuwa nakitengeneza sebuleni. Leo, katika wanangu wanne, yule aliyekuwa hatoki ngazini ndiye pekee anayeweza kugombana kwa Kiswahili. Wenzake wananiamkia vizuri, wananiuliza afya, hapo wamefika. Yeye alipata lugha ya kudai zamu, ya kuapa, ya kumwita mwenzake mwongo.

Watoto wako wanakisikia Kiswahili kutoka kinywa kimoja, na kinywa cha mama mara nyingi ni cha amri: vaa viatu, nawa, lala. Hawajawaona watu wazima wawili wakitaniana kwa lugha hiyo, wakibishana bei ya nyama, wakimsema mtu. Na mtu mzima wa pili mnaye, kalala chumba hicho hicho! Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo. Mumeo hakukiokota njiani. Nawe wa Tanga, wazee wa mwambao wenu wana Kimtang'ata chao. Babu yako nani alimkatiza akisimulia?

Mrudishe mezani. Mwombe radhi kwanza, maana ana haki ya kukwambia sasa hataki. Watoto watasikia "maji" kwako na "mayi" kwa baba, "watoto" na "batoto", na watajua nani husema vipi, kama wanavyojua nani ana pipi mfukoni. Siku atakapokuita "bibi yangu" watauliza bibi wa Tanga amefika lini, na mtawaeleza kwamba kwa watu wa baba, bibi ni mke. Wewe usisahihishe. Ukiwashwa sana, inuka ukaoshe vyombo. Kifaransa chake hakitapotea. Awasimulie hadithi za usiku kwa hicho.

Halafu nimecheka peke yangu. Unatoka na baridi jioni mbili kwa wiki kujifunza Kifaransa ili uongee na wakwe. Wakwe wa Bukavu! Kiswahili wanacho tangu hujaposwa. Huenda kwao wanasema Kimashi, sikatai, lakini piga simu Jumapili, msalimie mama mkwe kwa Kiswahili, umwache aseme chake, na watoto wawepo. Ada ya hilo darasa ni bora ikanunue muda wa maongezi.

Jumatano mchana shule za huko hazina masomo. Hayo ndiyo masaa yako: pikeni, nendeni sokoni, Kiswahili tu. Utaambiwa uwapeleke Matonge, mtaa wa Wakongo kule Brussels. Wapelekeni wakale, ila masikio yatarudi na Kilingala na Kifaransa zaidi. Na kifungua mimba akikwambia Kiswahili hakina kazi, mpandishe treni umwonyeshe Chuo Kikuu cha Ghent, Wabelgiji wanaingia darasani kukisomea.

Kiholanzi endelea nacho, ndicho mkate wako, lakini jizoeze na hao wazee unaowatunza. Wana nafasi, na watakusahihisha bure. Watoto si daftari la mazoezi. Mama anayebadilisha lugha kila siku wanajifunza jambo moja tu, kwamba akisema chochote anaweza kujibiwa kwa chochote. Kiarabu cha Jumamosi baki nacho kama moyo unakitaka. Hakimwibii mtu chakula cha jioni.

Kijerumani kife leo usiku. Siku ya 213 isikukute.