Jibu: kabati la zamani la droo sita, Mikindani

Dada, nimekuelewa: kabati linakufika kidevuni, muuzaji anasema ni la kale, kuta zako za mawe ya matumbawe zina unyevu, na unataka kujua kama ulinunue.

Usianze na uso wake. Chomoa droo ya chini kabisa, uigeuze. Meno ya pembeni, yale yanayounganisha mbao za droo, yakipishana upana, na mstari wa kupimia wa fundi ukionekana bado, yalikatwa kwa mkono. Yakilingana yote, ni ya mashine. Kitako cha plaiwudi huenda kimebadilishwa, na skrubu za nyota zilianza kuenea miaka ya 1930. Ukikuta kimojawapo, omba bei ishuke.

Sasa wadudu, ambao ndio hasara kubwa. Matundu matupu ya zamani si tatizo. Yasafishe kwa brashi, tandika karatasi nyeusi chini, subiri wiki mbili. Unga mweupe ukidondoka, wamo, na droo moja inatosha kuambukiza milango yako. Achana nalo, au mwite mtu wa dawa kabla halijaingia ndani.

Droo zikikwama wakati wa mvua, usikimbilie randa: kiangazi zitalegea kupita kiasi. Paka mshumaa kwenye reli.

Liache sentimita 5 kutoka ukutani, miguu juu ya vibao, na ulifunge ukutani kwa vyuma viwili. Mtoto akivuta droo tatu pamoja, linamwangukia. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, huenda ina madini ya risasi yenye sumu, mwachie fundi.